Mbuzi ya Transfert

Butembo, Vulamba, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Hapana, Yaya Élise, dada yangu, sikukuwa nimelewa. Uliniuliza ile swali kwa telefone, ukakata mbele nijibu, alafu ukatuma message: "Kama iko na maana, andika kwa karatasi. Kwa telefone unanichekeshaka mpaka nasahau kama nilisha kataa." Sawa. Karatasi njo hii. Nilinunua bic mupya, na ile masomo yangu ya miaka ine inajikaza.

Mbele ya yote, salamu. Hapa tuko bazima. Mama anakusalimia, mugongo inamuuma lakini mudomo haimuume. Muke wangu Gracieuse alipanda maharagi nyuma ya nyumba, kuku ya jirani ikakula yote, sasa tunangoja ile kuku ikuje kuomba musamaha. Mimi asubui nauza matunda ya avocat, mangaribi mabati, na katikati biatu bya occasion, byenye batu balisha vaa. Salimia shemeki Stanislas na batoto. Na baba mukwe wako Muzee Ésaïe, umwambie namuombeaka kila siku.

Sasa neno yenyewe. Équipe yetu ya basket ya mabinti, Nyuki ya Vulamba, ile weye na rafiki yako Hawa mulichezeaka mbele muolewe, mimi njo manager yake sasa. Manager ni mutu mwenye anatafuta maji, balon, gari ya kubeba bachezaji na maneno tamu ya kumwambia arbitre mwenye filimbi. Yaya, tunapoteza. Tunapoteza mpaka bamama benye banauza karanga banajua: katikati ya match, mi-temps ikifika, banafunga bikapo, juu batu bote banarudia nyumbani. Tukimaliza ba mwisho, comité itafunga équipe. Président wetu Phinées alisha anza kutazama terrain na macho ya mutu mwenye anataka kuweka depôt ya mbao.

Chini ya panier tuko na mabinti barefu, bazuri. Shida ni meneuse, ule mwenye anapandisha balon na kugawia bengine. Yetu anakimbia nayo tu. Njo nilisimama kwa réunion nikasema: tuite Élise na Hawa. Balicheka. Phinées akasema, "Kitsa, tunatafuta bachezaji, weye unatuletea chama ya bamama." Nikamujibu, "Président, balon haiulizake mutu mwaka ya kuzaliwa." Nikaongeza kama bamama bakishindwa, mimi natoka kwa kazi ya manager. Balipiga makofi. Sijui kama ilikua ya kukubali, ao ya kufurahia vile nitatoka.

Donc mukuje. Ni kila samedi tu, siku moja mbele ya ibada. Barabara iko vile unajua, mais madereva banapita.

Mudogo wako,
Kitsa

&nbsp;

Beni, Bungulu, tarehe 19 mwezi wa pili 2024

Kitsa,

Salamu kwako, kwa Gracieuse na kwa mama. Umupe mama hii mafuta ya mugongo, nimeiacha kwa dereva ule ule mwenye anakuletea barua. Batoto bako muzuri. Shalom alitoka meno mbili ya mbele, sasa anasema na upepo. Usiku tulisikia masasi mbali, asubui soko ikafunguliwa kama siku zote. Stanislas anashinda kwa atelier yake ya bitanda. Muzee Ésaïe anasema asante kwa maombi, na anauliza unaombeaka wapi, juu muchungaji wa kwenu ni rafiki yake na hakuonaka.

Jibu ni hapana. Niko na miaka makumi tatu na tisa. Hawa iko na makumi ine na moja, anasemaka makumi tatu na tano, usimwambie nilikuandikia. Mimi nauza makayabu, samaki na chumvi yake, yeye bitenge, meza zetu zinagusana, tunasimama siku muzima na mangaribi miguu inavimba. Zamani nilikua napita kati ya batu babili kama moshi. Sasa nikipita kwa mulango, mulango inajua kama nimepita.

Na mimi ni bibi ya mutu. Baba mukwe ni muzee wa kanisa. Unataka anikute naruka na culotte fupi mbele ya mutaa muzima?

Swali moja. Mbona hukuandika jina ya ule meneuse wenu? Uliandika "yetu anakimbia nayo tu." Ni nani? Weye huogopake kutaja batu.

Élise

Tena: bile biatu byangu byeupe, bya kuchezea, biko kwa mama bado? Nauliza tu.

&nbsp;

Butembo, tarehe 28 mwezi wa pili 2024

Yaya wa tumbo moja na mimi,

Mafuta ilifika. Mama alipakaa asubui, akaenda kulima mpaka jua ikazama, sasa anasema mafuta ya Beni ni ya buongo. Gracieuse anakusalimia. Ile kuku ya jirani ilikuja. Sitaandika zaidi, jirani anajua kusoma.

Biatu byako biko. Nilibifuta, na kamba nilibadilisha. Weye uliuliza tu, na mimi najibu tu.

Samedi tulipoteza tena. Phinées alikuja na mutu mwenye anauza mbao, balitembea pamoja kati ya terrain, bakahesabu hatua. Mimi niliwafuata nyuma nikiimba wimbo ya kanisa, juu ya kuwasumbua.

Juu ya jina ya meneuse, bic yangu inaanza kuisha, tutaongea siku ingine.

Lakini ile neno yako, "mimi ni bibi ya mutu", nililala nayo. Nilisikia kwa radio kama équipe kubwa ikitaka muchezaji, haisemake na yeye peke yake, inatoa kitu kwa fasi anatoka. Banaita transfert. Nikaona: mimi namuita Élise kama hana wenyewe, ni adabu gani hii? Donc natuma mbuzi mbili, dume na jike, na camion ya Shafii mwenye anapakiaka mbao. Itashukia kwa Muzee na Stanislas. Usiwaambie mbele, nataka bafurahi bao benyewe.

Mudogo wako mwenye adabu,
Kitsa

&nbsp;

Beni, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Kitsa,

Leo hapana salamu.

Barua yako ilifika siku moja nyuma ya mbuzi yako. Ile siku moja nilikua mwanamuke mwenye kwabo banamurudisha.

Weye ni Munande wa wapi, hujue desturi yetu? Mbuzi inatokaka kwa mwanaume, inaenda kwa baba ya binti. Ikitoka kwa kwabo ya binti na kurudia kwa bwana, iko na neno moja tu, ata Shalom bila meno anaijua: "Mali yenu njo hii, mutupe mutoto wetu." Na weye ulituma dume na jike, zimefungwa kwa kamba moja, vile vile Stanislas alizileta kwa baba.

Muzee alikua amekaa mbele ya nyumba na bazee wa kanisa. Shafii akashusha mbuzi, akasema na sauti ya dereva, "Hizi zinatoka Butembo, kwabo Élise." Bazee bakatazama chini. Moja akaanza kuomba. Stanislas akakuja sokoni na apron yake ya atelier, akasimama mbele ya makayabu, bateja bakimusikia, akaniuliza, "Élise, nilikukosea nini?" Hawa alianza kucheka, alafu akaona sura yake, akaacha.

Analala kwa chumba ya batoto. Muzee hakugusa mbuzi. Ziko nje ya lupango, ile uwanja ya nyumba, juu zikiingia ni kusema amekubali. Zinalia, na quartier yote inapita kuzitazama. Samedi utakuja na mutu mukubwa wa jamaa, museme mbele yake. Bila ile, mimi naachika juu ya balon.

Na tena. Hawa iko na ndugu yake Vulamba, alimuuliza. Ule meneuse ni Keren. Ni binti yako. Unaniita kutoka Beni nikuje kukalisha mutoto wako kwa banc, na haunipashe habari. Hiyo nitakuuliza na macho.

Élise

&nbsp;

Beni, tarehe 11 mwezi wa tatu 2024

Kitsa,

Salamu kwenu bote. Stanislas amerudia kwa chumba yetu, njo habari ya kwanza ya jamaa.

Ulikimbia. Mimi nilikua jikoni, juu mutu mwenye banamusemea haketi na bale banasema. Alafu nikasikia Muzee anacheka, na mimi kwa hii nyumba sikuisikiaka ile kicheko. Alafu nikasikia banatafuta kisu. Quartier ikakuja ikakula, baba mudogo Kambere akaimba, na wakati nilitoka na maji ya kunawa weye ulisha panda camion.

Sasa Muzee anazunguka barzani anasema "président" peke yake na kucheka. Stanislas nikimuuliza, anasema, "Uliza mudogo wako." Andika ulisema nini. Na ya Keren uandike, bila kuzunguka.

Mimi na Hawa tunakimbiaka asubui mbele ya soko. Juzi Hawa alitapika. Jana hakutapika. Hii haiko ndiyo.

Élise

&nbsp;

Butembo, tarehe 16 mwezi wa tatu 2024

Yaya Élise,

Sikukimbia. Camion ilikua inaondoka, na kama ningengoja maji ya kunawa tungeonana macho kwa macho. Donc nilikimbia kidogo.

Mama anakusalimia na anauliza mulikula mbuzi mbili bila kumutumia ata muguu. Gracieuse anasalimia na anacheka kila akiniona, tangu nimerudia hajaacha.

Hii njo ilipita. Nilienda na baba mudogo Kambere, juu kati ya bakubwa ya jamaa njo yeye peke yake hakukua na kazi. Alisalimia, akakaa, akalala. Muzee alikua amevaa koti ya kanisa. Akaniuliza:

"Kitsa, umekuja kuchukua dada yako?"

Na mimi, na ile woga, nikajibu, "Ndiyo, Muzee."

Shemeki Stanislas akashika kichwa. Baba mudogo akaamka, akaona sura za batu, akarudia kulala.

"Samedi tu," nikasema mbio. "Dimanche mbele ya ibada alisha rudia."

"Bibi ya mutu banamuazimaka?"

"Hapana, Muzee. Ile mbuzi haiko ya kurudisha mali. Ni transfert."

"Ni nini, transfert?"

"Équipe ikitaka mutu mwenye iko kwa équipe ingine, inatoa kitu kwa kule anatoka. Ni heshima."

Akafikiri. "Donc siye ni équipe."

"Ndiyo."

"Na mimi ni nani ndani yake?"

Yaya, sikufikiri ata kidogo. Nikasema, "Weye ni président, Muzee."

Stanislas akaanza kukohoa, na mutu hakoholake vile bila ugonjwa. Muzee akauliza: "Na kwa nini munatafuta bamama? Mabinti baliisha Butembo?"

Nikamwambia, "Muzee, barabara ikikua ya matope, camion yenye kubeba mbao ya atelier ya Stanislas unamupa dereva wa miaka ngapi?"

"Mukubwa."

"Kijana hajue?"

"Kijana anajua kukanyaga mafuta. Frein, kujua kusimama, inakujaka nyuma, na miaka."

"Mimi niko na camion ya mabinti benye hawana frein."

Njo pale alicheka. Akasema: mbuzi ikirudia Butembo, ni kusema tumefukuza heshima ya bakwe. Ikilala hapa, ni kusema tumemuacha Élise. Lakini mbuzi yenye balikula bote pamoja, hakuna mutu anaweza kuisemesha tena. Baba mudogo, akisikia "kula", akaamka kabisa.

Sasa Keren.

Iko na miaka kumi na tisa na mbio mingi. Balon ikimufikia anakimbia nayo kama mwizi wa kuku. Akipoteza, batu banapiga kelele, "Binti ya manager." Kwa nyumba hasemi kitu. Mwezi wa kwanza alitia biatu byake kwa bile byangu bya kuuza. Nilibikuta pale, bimeoshwa, na bei yake. Sikumuuliza. Nilibirudisha chini ya kitanda yake, na yeye pia hakuuliza. Nikimukalisha juu ya binti ya mutu mwingine, bitarudia kwa bya kuuza, na mara hii atabiuza. Akikaa juu ya shangazi yake, pengine atatazama vile inachezwa. Njo sikuandika jina. Ilikua inauma kuandika.

Kitsa

&nbsp;

Beni, tarehe 25 mwezi wa tatu 2024

Kitsa,

Salamu. Muzee iko muzima, bazee wa kanisa banamuita président sasa, anajifanya kukasirika. Batoto bako muzuri.

Tunakuja. Hawa atacheza na kitambaa ya kichwa na suruali murefu, na kama Phinées iko na neno juu ya ile, aniletee mimi. Keren hatakaa kwa banc kama mutu wa azabu. Atakaa karibu yangu, na akiingia, ataingia na mimi ao na Hawa, hapana peke yake. Kwa congé ya Pasaka unitumie yeye huku Beni, nataka auze makayabu na mimi.

Na usimwambie kama ilikua wazo yako. Mutoto mwenye baba yake amemutoa kwa fasi yake hasahau. Mwenye shangazi yake amemupita, anakasirika tu, na kasirani inakimbiaka muzuri.

Biatu byangu ulete na soksi nzito. Hawa anasema nikuandikie kama iko na makumi tatu na tano.

Élise

&nbsp;

Beni, tarehe 10 mwezi wa sita 2024

Kitsa,

Salamu kwa mama na kwa Gracieuse. Tulifika salama na wimbo mudomoni. Kwa kizuizi ya basoda, moja aliuliza tunaimba juu ya nini, Hawa akamueleza match muzima, magari nyuma yetu yakapiga klaxon mpaka basoda benyewe bakatuomba tupite.

Naandika juu ya Muzee. Alibakia kulinda nyumba na batoto badogo, sasa kila mutu anamueleza match yake. Stanislas anaeleza kama aliona yote, na mimi najua mwisho alikua ametazama ukuta juu ya woga. Muzee amesema: président anapashwa kupata rapport, Kitsa aiandike. Nitamusomea barzani. Usiongeze chumvi, mimi nilikua pale.

Na usiniulize juu ya saison yenye inakuja. Goti yangu inasoma barua zako pamoja na mimi.

Élise

&nbsp;

Butembo, Vulamba, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Muzee Président, na Yaya Élise mwenye anasoma na sauti,

Salamu kwa barza yote. Hapa mama amepona mugongo tangu ile match, alicheza ngoma mpaka barabarani, sasa anasema dawa ilikua ushindi na mafuta hatataka tena. Gracieuse amepanda maharagi ingine. Rapport njo hii, na chumvi nimeiacha kwa Élise mwenye anaiuzaka na samaki.

Nakumbusha bale banasikiliza. Match ya kwanza na bamama, tulipoteza, batu balicheka mpaka moja akaanguka kutoka ukutani. Ya pili tulipoteza kidogo. Ya tatu tukapata. Kisha ile, tunapata, tunapoteza, tunapata, kama mutu mwenye anapanda mulima na gunia ya makala. Tukafika ya mwisho. Tukipata, équipe inabakia. Tukipoteza, mbao inaingia. Na kwa ile match tulipewa Umeme ya Kimemi, mabinti benye hawakupoteza ata mara moja saison yote, barefu kama poteau, kila moja na biatu bya rangi mbili.

Mvua ilinyesha asubui. Ciment ilikua inangaa kama sahani. Umeme balianza na mbio, panier moja, ingine, ingine, na mutu moja kwa ukuta akapiga kelele, "Bamama, nani anapika leo?" Hawa bila kugeuka akajibu, "Baba yako, na anaunguza." Ukuta yote ikahamia kwetu ile dakika. Batu ya Butembo banapendaka ule mwenye anapoteza na mudomo iko nzima.

Lakini mudomo haiingizake balon. Mi-temps tulikua mbali nyuma. Phinées alikuja kwa banc yetu na sura ya mazishi, akasema, "Kitsa, asante kwa yote ulifanya." Nikamwambia, "Président, usinizike, bado najikuna." Yaya Élise alikua anakunywa maji. Akasema kitu moja tu kwa mabinti: "Bale banateleza. Hamujaona? Banateleza kila banasimama. Basi tubasimamishe."

Muzee, pengine hakuna mwenye alikueleza juu ya soko. Bamama babili benye meza zao zinagusana hawaongeake mbele ya muteja. Hawa akishika kitambaa yake ya kichwa, ni kusema: huyu anajifanya anaenda, umuache, atarudia. Élise akifuta mikono kwa kitenge, ni kusema: hapa bei haishuke tena. Coach wetu alikua anachora mishale kwa ubao tangu mwezi wa kwanza, hakuna mwenye alikumbuka mushale moja. Na bale bamama babili balikuja na alama ya kwabo, ya miaka mingi, yenye Umeme hawawezi kusoma. Keren naye, kwa ile siku za Pasaka alikaa nyuma ya makayabu, ananuka samaki, alikua anajifunza kusoma mikono. Mimi nilifikiri shangazi yake anamutumikisha.

Donc balitembea. Umeme banakimbia, bamama banatembea. Umeme banafika na mbio, Élise anasimama, Umeme anapita akiteleza mpaka kwa bikapo bya karanga. Ule mama wa karanga akaanza kubapokea na mikono, "Karibu, karibu tena." Tukakaribia. Ngambo ya Kimemi bakakasirika, na mutu mwenye amekasirika kwa ciment ya mvua, ni kazi yake.

Ikabakia point moja. Umeme mbele, siye nyuma, na arbitre alisha tazama saa yake.

Élise akapata balon kule nyuma. Siye bote tukapiga kelele, "Mbio." Yeye akatembea kama anatoka kuchota maji. Coach akakaa chini kabisa. Phinées akafunika sura na kofia. Stanislas alikua ametazama ukuta, hiyo ni kweli, nilimuona. Babili bakamukujia Élise, akamupa Hawa. Hawa akasimama, akashika kitambaa ya kichwa. Ule murefu kupita bote, mwenye alikua analinda chini ya panier, akafikiri Hawa anataka kutupa, akamukimbilia. Balon ikarudia kwa Élise, na Élise bila kutazama akaitupa chini ya panier fasi hakukua na mutu.

Keren njo alikua anafika pale.

Ule murefu akageuka, akaruka kumufunika, na mikono yake ilizima jua. Keren wa mwezi wa pili angeruka pamoja naye, na ile balon tungeitafuta Kimemi. Keren akasimama. Akaishika na mikono mbili, akangoja. Ule binti akapita juu yake kama ndege yenye imekosa piste, akaenda kusalimia mama wa karanga. Kisha Keren akaiweka ndani pole pole, vile mutu anawekaka yai kwa kikapo.

Sitaandika kelele, sijui kuiandika. Naandika yenye Élise hakuona, juu alikua chini, mabinti bote juu yake, na Hawa juu ya mabinti. Keren hakwenda kwenye ile fungu. Alikuja kwangu, na jasho yake, akaniuliza, "Papa, ni weye ulibaita?"

Nikasema, "Hapana."

Akasema, "Buongo." Alafu akasema, "Asante." Kisha akakimbia kwa benzake. Macho yangu iliingia vumbi, na kwa Butembo yote ile siku hakukua vumbi ata kidogo.

Sasa ya comité. Tulikaa kwa réunion lundi. Phinées alisimama akasema yeye tangu mwanzo alijua kama bamama ni wazo ya maana. Mutu wa mbao hajaonekana tena. Mbaya ni kama président wetu sasa hajue kuacha: anataka équipe muzima ya bamama. Alisha tuma mutu kule Kasugho kutafuta mama moja wa miaka makumi tano, mwenye banasema zamani alikua anatupa mbali. Nilimwambia, "Président, frein bila moteur, ile ni chukudu yenye imesimama, mbao na magurudumu tu." Hakusikia. Donc lazima tufanye haraka, mbele ule mama wa Kasugho hajapata licence ya kucheza.

Yaya, hapa usipunguze sauti, Muzee asikie. Ulisema nisikuulize juu ya saison yenye inakuja. Siulize. Napendekeza. Match iko na bipande bine. Saison yenye inakuja, bibili bya kwanza ni bya Keren na benzake, bibili bya mwisho ni byako na Hawa. Mwaka wa kufuata, munabakia na kimoja tu, kile cha mwisho, wakati batu banaanza kuogopa. Mwaka wa tatu hapana ata kimoja: goti inapumzika, na weye unakaa kwa kiti ya coach. Nilisha ongea na coach, anasema anaweza kutoka ata leo, tangu ile mutembeo yako moyo yake haijarudia muzuri. Upande wangu ni huu: kila samedi ya match mimi napanda Beni, nasimama nyuma ya meza zenu mbili, nauza makayabu na bitenge mpaka murudie, na Hawa iko na ruhusa ya kusema miaka yote anataka.

Président wako iko pale mbele yako, ni shahidi, na shemeki pia kama ametoka kwa ukuta. Ukimaliza kukunja hii karatasi bila kusema hapana mbele yao, mimi kesho asubui naandikisha majina yenu.

Mudogo wako,
Kitsa, manager